Mwangwi ulioandikwa kwenye karatasi: Ronald Binge na fidla za Mantovani

Swali: "Assalaam aleikum maalim. Naongoza kikundi kidogo cha taarab hapa Unguja. Tuna fidla sita, kodiani, kanuni, cheli moja, besi na ngoma. Kijana mmoja katuletea rekodi ya zamani ya okestra ya Mantovani, wimbo Charmaine, na sote tumestaajabu namna fidla zinavyomiminika. Nimesoma kwamba aliyeipanga sauti ile ni Mwingereza aitwaye Ronald Binge. Alikuwa nani, aliishije kwa kazi hiyo, na je, ufundi ule tunaweza kuufanya kwa fidla zetu sita?"

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mnaweza. Ila msizigawe fidla sita makundi matatu ya wawiliwawili, ingawa ndilo wazo la kwanza litakalowajia. Sababu nitaieleza mbele. Nianze na mwenyewe Binge, kwa kuwa ufundi ule ulizaliwa na kazi alizopitia.

Ronald Binge alizaliwa tarehe 15 Julai 1910 Derby, mji wa viwanda vya reli katikati ya Uingereza. Utotoni aliimba kwaya ya kanisa, na masomo yake ya muziki aliyapata hapohapo Derby. Kazi yake ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kupiga kinanda kwenye jumba la sinema, enzi za filamu zisizo na sauti, wakati muziki wote ulipigwa na watu waliokaa mbele ya pazia. Kazi ile ilikuwa shule ngumu. Karatasi za muziki ziliandikwa kwa okestra kamili, na aghalabu sinema ya mji wa mkoani ilikuwa na wapigaji wachache tu. Ikikosekana obo (aina ya zumari), mtu wa kinanda ndiye aliyeziba pengo. Ukifanya hivyo usiku baada ya usiku, unajua ni noti gani msikilizaji ataikosa na ni ipi inaweza kuachwa bila mtu kugundua. Huo ndio ujuzi wa msingi wa mpangaji wa muziki.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 filamu zikaanza kutoa sauti zenyewe, na wapigaji wa sinema wakapoteza kazi kote nchini. Binge akajifunza kodiani, kwa sababu okestra za miji ya pwani walikozoea kwenda watu likizo za kiangazi zilihitaji mtu wa kodiani, na kodiani moja inaweza kuziba nafasi ya ala kadhaa. Kuna faida kwenu hapo: mtu aliyebuni sauti ile ya fidla alikuwa mpiga kodiani, na alijua sauti ya pumzi ndefu isiyokatika inavyoweza kukaa chini ya nyuzi.

Katikati ya miaka ya 1930 akaingia bendi ya Annunzio Mantovani, mpiga fidla mzaliwa wa Venice aliyeletwa Uingereza akiwa mtoto. Bendi iliitwa Tipica, na Binge akawa mpiga kodiani na mpangaji wake wa muziki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la anga, akawekwa Blackpool, na huko akafanya kazi ya muziki pamoja na Sidney Torch, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wakubwa wa okestra za muziki mwepesi (wa kuburudisha) wa BBC. Vita vilipokwisha alirudi kwa Mantovani. Mwaka 1946 alipanga ala za mchezo wa jukwaani wa Noël Coward, Pacific 1860, uliooneshwa London huku Mantovani akiongoza okestra.

Halafu ukaja mwaka 1951. Mantovani alitaka okestra mpya ya kurekodia kampuni ya Decca, yenye wapigaji kama 40, wengi wao wa nyuzi, na alitaka sauti ambayo mtu akiisikia redioni ataitambua kabla jina halijatajwa. Binge akampangia Charmaine, wimbo wa mwaka 1926 wa Ernö Rapée na Lew Pollack. Rekodi ikavuka bahari hadi Marekani, ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja, na Mantovani akawa jina la dunia nzima.

Kuhusu kipato, angalia jinsi biashara ile ilivyokwenda. Kwa desturi ya wakati ule mpangaji alilipwa ujira wa kazi: unaandika, unalipwa, umemaliza. Rekodi ikiuza nakala kumi au milioni, ujira ni uleule, na jina kubwa kwenye jalada ni la kiongozi wa okestra. Mtunzi mambo yake ni mengine. Uingereza ilikuwa na chama cha kukusanya mirabaha tangu 1914, na kila wimbo ulipopigwa redioni au hadharani, mtunzi alikuwa na fungu lake. Kwa hiyo mpangaji mwenye kipaji alikuwa na sababu nzito ya kutunga vyake, na Binge alifanya hivyo haraka. Mwaka uleule wa 1951 aliandika kipande alichokiita Andante Cantabile, jina ambalo ni maelekezo tu ya mwendo. Elizabeth wa Pili aliporithi kiti cha ufalme mwezi Februari 1952 (habari za kifo cha baba yake zilimfikia akiwa Kenya), kipande kikapewa jina jipya: Elizabethan Serenade. Muziki haukubadilika, lakini jina liliukuta umma ukiwa na matumaini ya kutoka kwenye miaka ya shida baada ya vita, na kipande kikapaa. BBC ikakitumia kama kiashirio cha kipindi, redio ya majeshi ya Uingereza ikakitumia kufungia matangazo, na mwaka 1957 kikampatia Binge tuzo ya Ivor Novello, ya watunzi wa Uingereza. Wajerumani wakakiimba kwa kwaya. Mwaka 1970 Boris Gardiner wa Jamaika akakifanya rege, nacho kikapanda tena kwenye chati za Uingereza. Kila mara, fungu la mtunzi lilikwenda kwa Binge.

Yafuatayo nayapitia haraka. Kuanzia 1955 hadi 1963 alikuwa na mfululizo wake mwenyewe BBC, String Song, kwa okestra ya nyuzi. Aliandika muziki wa filamu kadhaa, konseto ya saksafoni alto mwaka 1956, na The Watermill ya mwaka 1958, kipande cha obo na nyuzi ambacho kwangu ndicho kizuri kuliko vyote alivyoandika. Kimetulia, hakina noti hata moja ya kujionesha, na obo imewekwa pale inapopumua kwa raha. Mwenye obo au hata filimbi kwenye kikundi akisome.

Sailing By, ya mwaka 1963, inastahili maelezo zaidi kwa sababu inaonesha kazi halisi ya muziki mwepesi ilikuwa nini. Ni walzi ya pole ambayo BBC Radio 4 huipiga usiku wa manane kabla ya utabiri wa hali ya bahari kwa mabaharia. Utabiri lazima uanze kwa wakati wake uleule uliopangwa, na kipindi kilichotangulia huisha mapema au huchelewa kidogo, kwa hiyo panahitajika muziki wa kujaza nafasi ambao unaweza kukatwa au kufifishwa popote bila kuumiza sikio. Pia baharia anayetafuta stesheni gizani anajua kwamba akiukuta wimbo huo amefika. Binge aliutunga kwa sehemu fupi zinazojirudia, juu yake filimbi na wenzake wakipanda na kushuka ndani ya kodi (noti zinazolia pamoja) za kawaida. Hakuna kilele ambacho ukikikata msikilizaji atakasirika. Kutunga hivyo ni kazi ngumu, na wengi walioidharau wasingeiweza.

Soko lile lilidhoofika miaka ya 1960. Redio ya BBC ya muziki mwepesi, iliyoanzishwa 1945, ilifungwa kwa jina hilo mwaka 1967, na bendi za gitaa zikachukua nafasi. Binge alifariki tarehe 6 Septemba 1979 Ringwood, kusini mwa Uingereza.

Sasa tuingie kwenye fidla.

Ndani ya kanisa kubwa la mawe noti ikishapigwa haiondoki mara moja. Hubaki hewani, na ile inayofuata huingia juu yake. Binge alitaka sauti hiyo. Badala ya kuitegemea mashine ya studio, aliuandika mwangwi wenyewe kwenye karatasi za wapigaji. Alizigawa fidla makundi, tuseme A, B, C na D. Lahani haipigwi na kundi moja. Noti ya kwanza anaipiga A na kuishikilia. Ya pili anaipiga B huku A bado analia. Ya tatu C, ya nne D, kisha ya tano inarudi kwa A, ambaye ndipo tu anaiacha noti yake ya kwanza. Msikilizaji anaisikia lahani nzima, na kila noti ina mkia. Ukimsikiliza mpigaji mmoja peke yake, anapiga noti ndefu zisizo na maana yoyote.

Idadi ya makundi ina hesabu yake. Charmaine ni walzi, mapigo matatu kwa kila baa, yaani kila fungu la mapigo. Makundi manne yakizunguka juu ya mapigo matatu, mambo huwa hivi:

Pigo: 1 2 3 | 1 2 3 | 1 2 3 | 1 2 3
Kundi: A B C | D A B | C D A | B C D

Tazama nani anaangukia pigo la kwanza: A, kisha D, kisha C, kisha B. Pigo zito linahama, na hakuna kundi linalokuwa "la kwanza" daima. Kama kundi moja lina fidla kali kuliko mengine, ukali wake unasambaa na sikio haliugundui. Makundi matatu juu ya mapigo matatu ni kinyume chake: A anachukua kila pigo la kwanza mpaka mwisho wa wimbo, na baada ya baa nne msikilizaji anasikia mtu yuleyule akisukuma. Makundi matatu yanafaa kwa wimbo wa mapigo manne (A B C A | B C A B | C A B C). Ukilazimika kuyatumia kwenye walzi, badilisha anayeanza kila mwanzo wa sentensi mpya ya lahani: sentensi ya kwanza aanze A, ya pili aanze B, ya tatu aanze C.

Kuhusu fidla zenu sita, makundi matatu ya wawiliwawili yana tatizo la sauti. Fidla mbili zikipiga noti moja, tofauti ndogo kabisa kati yao husikika kama sauti inayotetemeka, na hakuna ya tatu ya kuificha. Fidla moja peke yake haina tatizo hilo, na tatu hufichana. Mbili ndiyo idadi mbaya kuliko zote, na katika ufundi huu ubaya unazidi kwa sababu kila noti inashikiliwa muda mrefu na ipo wazi. Kwa hiyo napendekeza hivi: fidla tatu mojamoja ziwe A, B na C, nazo zifanye mdondoko, yaani huko kupokezana noti. Fidla tatu zilizobaki zipige lahani yote kwa pamoja, noti zilezile, pahala palepale, kwa sauti ya chini sana, zikiwa zimewekewa kile kidude cha kufifisha sauti juu ya daraja la fidla. Hizi tatu ni uti wa mgongo. Zinahakikisha lahani haikatiki hata A akichelewa, na zinampa kila mdondoshaji kitu cha kufuata. Binge hakuhitaji msaada huo kwa sababu alikuwa na fidla za kutosha kila kundi. Nyinyi mnauhitaji.

Ukiandika karatasi, kila mpigaji wa A, B na C apewe lahani nzima kwa noti ndogo za kufuatilia, na noti zake mwenyewe ziwe kubwa. Ukimpa noti zake tu, atakuwa anahesabu mapigo badala ya kusikiliza, na siku ya onyesho ataingia pigo moja mapema. Wanaosoma tonik solfa (noti za herufi: d kwa do, r kwa re, m kwa mi) wafanyiwe vivyo hivyo: lahani kamili kwa herufi za kawaida, na za kwake zizungushiwe duara.

Chagua lahani kwa uangalifu. Tuseme una baa mbili: d' s m d, halafu f m r d. Baa ya kwanza ikipishana inaleta raha, kwa sababu noti zote nne zinakubaliana ndani ya kodi moja. Ya pili inashuka hatua kwa hatua, na ukiishikilia kila noti mapigo matatu, f, m na r zitalia pamoja na kuwa tope. Kwa noti zinazopanda ama kushuka kwa hatua, fupisha: kila mtu ashikilie mapigo mawili tu. Kwa noti zinazoruka ndani ya kodi, shikilia mpaka zamu yako irudi. Kwenye taarab hili ni muhimu zaidi, maana maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) kama Rast na Bayati zina hatua ambazo ni ndogo kuliko toni kamili na kubwa kuliko nusu toni, na mbili za namna hiyo zikipishana husikika kama fidla haijalinganishwa. Pale penye hatua hizo, acha mdondoko kabisa, fidla zote sita zirudi kwenye sauti moja.

Noti za haraka za kupitia, zile za nusu pigo kati ya noti kuu mbili, asipewe mtu mwingine. Apige yuleyule aliyepiga noti kuu iliyotangulia, kisha anyamaze. Na mapambo yote yaondoke. Najua ni kumwomba mpiga fidla wa taarab aache kitu alichokulia nacho, kwani uzuri wa fidla zetu ni kila mmoja kuipamba lahani kwa namna yake. Hapa kila mtu ana noti moja tu ya mkufu. Akiipamba, mkufu unakatika.

Uzito wa sauti ndio siri ya pili, na ndipo wengi wanaposhindwa. Noti ianze kwa nguvu ya wastani, ianze kufifia mara moja, na ifike chini kabisa kabla zamu haijarudi. Mwangwi halisi hauongezeki, hupungua tu. Fidla ikishikilia kwa nguvu ileile, unapata kodi nene isiyosogea na lahani inazama ndani yake. Fanya hesabu ya upinde. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, kila pigo ni sekunde 0.6. Kwa makundi matatu, noti inaweza kulia mapigo mawili na nusu, yaani sekunde 1.5, na nusu pigo linalobaki ni la kuinua upinde na kuurudisha mwanzo. Hivyo kila noti inaanza kwa upinde wa kushuka, ambao wenyewe una uzito mwanzoni na wepesi mwishoni. Mpigaji akibadilisha, noti moja kwa kushuka na nyingine kwa kupanda, zile za kupanda zitavimba mwishoni na mwangwi utasikika umegeuzwa. Mtikiso wa kidole uwepo mwanzo wa noti na ulegee kadiri sauti inavyofifia.

Mazoezi yaende kwa ngazi. Kwanza fidla zote sita zipige lahani nzima kwa pamoja mpaka kila mtu aijue bila karatasi. Pili, A, B na C wagawane noti lakini bila kushikilia: kila mtu apige pigo lake na kunyamaza. Hapo ndipo utakaposikia nani ana sauti ndogo, kwa sababu kila baada ya noti mbili patakuwa na shimo. Rekebisha hapo, usisubiri. Tatu, shikilieni bila kufifisha, kwa ajili ya kusikia ulinganifu wa noti tu. Mwisho ongezeni kufifia, na ndipo fidla tatu za uti wa mgongo ziingie. Wakiruka ngazi ya pili, makosa yote yatajificha ndani ya sauti zinazopishana, na mtalaumu ufundi badala ya fidla moja iliyo dhaifu. Sikiliza ukiwa mbali, mita tano au sita, au weka simu irekodi kutoka hapo. Anayekaa katikati ya wapigaji anasikia noti mojamoja na hawezi kujua kama zinaungana.

Ala nyingine zisicheze sana. Kodiani ishikilie kodi, ibadilike mara moja kwa baa, bila kutikisa mvukuto. Tumieni swichi ya ulimi mmoja. Kodiani nyingi zina ndimi mbili zilizotuniwa kwa kupishana kidogo ili sauti itetemeke, na mtetemo huo ukikutana na fidla zinazoshikilia utaharibu kila kitu. Na kwa kuwa kodiani haituniki jukwaani, fidla zote ziifuate yenyewe, wala si kinyume chake. Cheli ipewe noti ndefu za chini zinazosogea pale lahani inaposimama. Besi ichune pigo la kwanza tu. Kanuni inyamaze wakati wa mdondoko, maana kila mchuno wake una ncha kali, na ncha hiyo itamfunulia msikilizaji kiungo mnachotaka kukificha. Ngoma vilevile.

Mahali pa kupigia pana uamuzi wake. Ufundi huu ulibuniwa kuleta mwangwi pasipo na mwangwi, kwa hiyo unafaa sana uwanjani na kwenye ukumbi wenye mazulia na mapazia. Kwenye ukumbi wa saruji tupu fupisheni kushikilia, au acheni. Mkitumia vipaza sauti, mwambieni fundi mitambo aondoe mwangwi wote kwenye fidla. Mwangwi wa mashine juu ya mwangwi wa karatasi ni kelele. Vipaza sauti viwili mbele ya fidla zote, umbali kama wa mita mbili, ni bora kuliko kila fidla na chake, kwa sababu fundi akiinua kimoja kidogo tu, kila noti ya tatu itaruka mbele ya nyingine. Na msihangaike kuwaketisha A, B na C mbalimbali ili sauti itembee kulia na kushoto. Rekodi ya Charmaine ya 1951 ilikuwa ya mono, sauti yote ikitoka pahala pamoja, na bado ilifanya kazi. Wakiketi karibu watasikilizana.

Kuhusu haki: ufundi wa kugawa noti hauna mwenyewe, tumieni kwa lahani zenu mpendavyo. Charmaine kama lahani ni jambo jingine. Sheria ya Uingereza hulinda kazi miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi. Rapée alifariki 1945 na Pollack 1946, hivyo huko lahani iko huru tangu mwanzo wa 2017. Mpango wa Binge bado una ulinzi huko hadi mwisho wa 2049, kwa kuwa yeye alifariki 1979. Kuandika mpango wenu mpya juu ya lahani ile si sawa na kunakili wa kwake noti kwa noti kutoka kwenye rekodi. Muda wa ulinzi haufanani kila nchi, kwa hiyo kabla ya kurekodi waulizeni COSOZA, chama cha hakimiliki cha Zanzibar. Mkitaka karatasi za vipande vyake vingine, anzeni kwa wachapishaji. Zile zilizokwisha sokoni, Uingereza kuna maktaba ya muziki mwepesi wa okestra iliyoanzishwa na mtunzi Ernest Tomlinson mwaka 1984, BBC ilipokuwa ikiondoa karatasi zake za muziki huo, na ina makumi ya maelfu ya vipande.

Kwa wimbo wa kwanza msiufanye mdondoko wote. Chukueni baa nane za utangulizi wa wimbo wenu wenyewe wa pole, wenye noti ndefu zinazoruka ndani ya kodi. Baada ya hizo nane fidla sita ziingie pamoja kwa sauti moja, na kanuni na ngoma ziingie hapohapo.